Saa 3 asubuhi na jua bado: kuitunza akili ughaibuni majira ya giza

Kiswahili huhesabu saa kwa jua. Jua likichomoza ni saa 12, likipanda kidogo ni saa 1, likifika utosini ni saa 6. Hesabu hii ilizaliwa mahali ambapo jua halibadili tabia. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote za mwaka hazipishani hata kwa saa moja. Mtu anaweza kuishi Temeke miaka 40 asijue kwamba urefu wa mchana hubadilika.

Sasa ichukue hesabu hiyohiyo uende nayo Helsinki, mji mkuu wa Ufini, siku zile za kuelekea Krismasi. Jua linachomoza karibu saa 3 na nusu asubuhi, na saa 9 na dakika chache alasiri limeshazama. Oslo, mji mkuu wa Norwe, ni vilevile kwa tofauti ya dakika. London, ambako wengi huona afadhali, jua hutoka saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Anayeingia kazini saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 jioni anaweza kumaliza juma zima bila kuuona mchana ila dirishani.

Mgeni akifika nchi hizo, wenyeji wake humwelekeza vizuri sana kuhusu baridi: koti la aina gani, buti zenye soli ya kushika barafu, soksi za sufu, mafuta mazito ya kujipaka ngozi isipasuke. Kuhusu giza haambiwi kitu. Siwalaumu. Majira yetu tuliyapa majina kwa pepo, mvua na baridi: kaskazi, kusi, masika, vuli, kipupwe. Hatukuwahi kuwa na jira la giza, kwa hiyo hata tukiita Desemba ya Ulaya "kipupwe" tunataja baridi tu. Matokeo yake ni mtu aliyejifunika barabara, nyumba ina joto, friji imejaa, na bado Januari hawezi kuinuka kitandani na hajui kwa nini. Anajiita mvivu. Nyumbani wanaweza kusema karogwa.

Hajarogwa, wala si mvivu. Amekosa mwanga. Na mwanga una kipimo chake, saa yake na namna yake ya kutumiwa, kama dawa nyingine yoyote.

Madaktari waliieleza hali hii rasmi mwaka 1984, katika utafiti ulioongozwa na Norman Rosenthal kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani. Rosenthal mwenyewe alitoka Afrika Kusini. Alihamia New York kutoka Johannesburg mwaka 1976, na majira ya baridi ya huko yakamwonyesha mwilini mwake kitu ambacho hakuwa amekijua kwao. Leo inahesabiwa kuwa aina ya sonona inayokwenda na majira: inaingia majani yanapopukutika, inaondoka siku zinaporefuka, na inarudi mwaka unaofuata. Daktari hutaka kuona mzunguko huo angalau miaka 2 mfululizo kabla ya kuipa jina, ingawa hakuna haja ya kusubiri mwaka wa 2 ndipo uanze kujitunza.

Dalili zake huwapoteza watu wetu kwa sababu hazifanani na huzuni wanayoijua. Tumezoea kwamba mwenye huzuni hali wala halali. Huyu analala kwa muda wa saa 10 au 11 na anaamka amechoka. Anakula, tena sana: wali, chapati, mkate, vitu vitamu, hasa jioni. Mikono na miguu huwa mizito kama imefungwa mawe. Simu inaita, anaitazama mpaka inakatika. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo anasoma kila kitu na hajibu chochote. Halafu anapiga simu ya video nyumbani, shangazi anamwona amejaa mashavu, anafurahi: "Mashallah, umenawiri, maisha yamekukubali!" Kwa desturi yetu unene ni habari njema, na mtu aliyezama anajikuta anapokea pongezi. Ukiwa huku nyumbani na unasoma haya, mwulize ndugu yako analala kwa muda wa saa ngapi na mara ya mwisho alitoka nje kutembea lini. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuambia mengi kuliko mashavu.

Kuna daraja la chini la hali hii: uchovu wa majira, usiomzuia mtu kazi wala kucheka. Hilo hupata wengi na hutulia kwa mwanga na mpango mzuri wa siku. Sonona yenyewe ni pale ambapo kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, hufurahii ulivyokuwa ukivifurahia, umakini umepotea, unajiona huna thamani, na kazi au familia imeanza kuyumba. Hapo taa ya tiba, ile ya mwanga mkali nitakayoieleza mbele, isiwe peke yake mpango wako wote.

Mwili unafanyaje hadi tufike hapo? Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake si kuona picha bali kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Mwanga wa asubuhi ukizigonga, ubongo unapunguza melatonini, homoni inayotangaza usiku, na saa ya mwili inapangwa upya kwa siku hiyo. Asubuhi ikiwa giza, saa hiyo huchelewa. Kengele inakuamsha saa 12, lakini ndani ya mwili bado ni saa 9 ya usiku. Ukitembea na pengo hilo kila siku kwa miezi 4, hisia huporomoka.

Hapa kuna mkanganyiko ninaokutana nao kila mara. Watu husema ngozi nyeusi haipokei mwanga, ndiyo maana Waafrika huugua. Wanachanganya mambo 2. Mwanga wa kutunza hisia huingia kwa macho, na hapo rangi ya ngozi haina kesi. Vitamini D ndiyo hutengenezwa na ngozi, kwa miale ya jua isiyoonekana, na ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi. Ulaya ya kaskazini miale hiyo ni hafifu mno majira ya baridi kiasi kwamba hata ukikaa nje haikufai kitu kwa vitamini. Uingereza inashauri kila mtu mzima afikirie kumeza mikrogramu 10, yaani yuniti 400, kila siku kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, na watu wenye asili ya Afrika wafikirie kuimeza mwaka mzima. Usivuke mikrogramu 100 kwa siku bila agizo la daktari, kwani ikizidi hupandisha kalisi kwenye damu na inaweza kuumiza figo. Imeze kwa ajili ya mifupa na misuli. Kama dawa ya sonona ushahidi wake ni dhaifu, na anayenunua vidonge akidhani amemaliza kazi amefanya nusu tu. Kinyume chake pia ni kweli: taa ya tiba huchuja miale hiyo makusudi, kwa hiyo haikupi vitamini D hata kidogo.

Mwanga hupimwa kwa laksi. Sebule yenye taa za kawaida jioni ina laksi 100 hadi 300. Ofisi nzuri ina 300 hadi 500. Macho hutudanganya kwa kuzoea, tunaona sebule ni angavu. Toka nje adhuhuri ya siku yenye mawingu mazito, na mara nyingi umeshavuka 1,000. Theluji mpya ikiwa chini hurudisha juu zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo siku nyeupe ile inayokutisha kutoka ndiyo siku yenye malipo makubwa. Jua kali la kwetu hufika 100,000.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina bei: nje, dakika 30 hadi 60, ndani ya saa 2 baada ya jua kutoka ukiweza, na kama kazi haikuruhusu basi wakati wa chakula cha mchana. Bila miwani ya jua. Si lazima ukimbie, kutembea kunatosha. Mwislamu ana msaada uliojengwa tayari: London mwezi wa Desemba adhuhuri huingia kama saa 6 mchana na alasiri kabla ya saa 8. Ukishaswali adhuhuri, kabla hujarudi kwenye kiti chako, zunguka mtaa mmoja. Huo ndio wakati jua liko juu kadiri litakavyofika siku hiyo.

Dawa ya pili ni taa ya tiba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa hupotea.

Kipimo kilichofanyiwa kazi zaidi ni laksi 10,000 kwa dakika 30, kila asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka. Taa ya laksi 5,000 inahitaji kama saa nzima, na ya 2,500 inahitaji saa 2, ambazo hakuna mwenye watoto wa shule anazo. Lakini namba ya kwenye boksi haina maana bila umbali. Soma maandishi madogo: 10,000 kwa sentimita ngapi? Taa ndogo za ukubwa wa kitabu, ambazo ndizo za bei rahisi, nyingi hufikia 10,000 kwa sentimita 15 tu, yaani taa iko karibu kugusa pua. Ukiisogeza mbali mara 2, mwanga unaofika jichoni unaweza kushuka hadi kama robo. Hapo mtu anakaa mbele ya taa miezi 2, hapati nafuu, anaipeleka kabatini na kusema ni uongo wa Wazungu. Tafuta yenye uso mpana, kama sentimita 30 kwa 40, inayotoa 10,000 ukiwa umbali wa sentimita 30 au zaidi, mwanga mweupe, na iliyoandikwa kwamba imechuja miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana. Taa za kugeuza ngozi rangi na taa za kufugia mijusi si mbadala, zinaunguza macho.

Ipange mezani unapokunywa chai. Iwe juu kidogo ya usawa wa macho, imeinama kukuelekea kama jua linavyokuja kutoka juu, na iwe pembeni kidogo, si usoni kabisa. Huikodolei macho. Macho yako wazi, unasoma, unakunywa uji, unamsuka mtoto nywele, na mwanga unaingia wenyewe. Pima umbali kutoka jichoni hadi kwenye taa kwa futi ya fundi cherehani, mara moja, kisha weka alama ya gundi mezani pale kitako cha taa kinapokaa. Alama hiyo ina faida kuliko nia njema, kwani baada ya wiki moja kila mtu huanza kuisukuma taa kando apate nafasi ya sahani. Miwani ya kusomea haina shida. Miwani inayogeuka kuwa nyeusi yenyewe penye mwanga, ivue.

Nafuu huanza ndani ya siku chache hadi wiki 2. Ukiacha, dalili hurudi upesi, kwa hiyo ni kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Anza mapema, mwishoni mwa Septemba au mara tu uzito wa kwanza unapoonekana. Kusubiri hadi Januari ni kumpandisha mlima mtu aliyekwisha kuchoka.

Yanayoharibika zaidi ni haya. Kichwa kuuma au macho kuchoka siku za kwanza: shusha hadi dakika 15, kisha ongeza 5 kila baada ya siku chache. Kukosa usingizi: karibu kila mara taa imetumiwa jioni, kwa kuwa asubuhi ilikosekana nafasi, na ubongo umeambiwa saa 2 usiku kwamba kumekucha. Kuamka saa 10 alfajiri macho makavu bila usingizi kurudi: umeiwasha mapema mno, isogeze nusu saa mbele. Kubwa kuliko yote ni kuchangamka kupita kiasi: unalala kwa muda wa saa 3 tu na huchoki, unaongea haraka, pesa zinatoka ovyo, mipango mikubwa kumi kwa usiku mmoja. Zima taa na mwone daktari siku hiyo. Aliyewahi kuwa na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au mwenye ndugu wa damu aliye nao, asianze taa bila daktari. Vilevile mwenye ugonjwa wa retina, mwenye kisukari kilichogusa macho, na anayetumia dawa zinazoifanya ngozi au macho yaumizwe na mwanga. Mwulize mfamasia, atakujibu papo hapo.

Wapo pia wanaotumia taa ya alfajiri ya bandia, inayowekwa kando ya kitanda na kuongezeka mwanga taratibu kwa dakika 30 hadi 90 kabla ya kengele. Kwa anayeshindwa kabisa kuinuka inasaidia kufungua macho. Mimi ningeiweka ya pili, baada ya ile kubwa.

Nataka kusema neno kwa wauguzi na walezi wa wazee, kwa kuwa Waswahili wengi wa ughaibuni wako kwenye kazi hizo na wengi wanachukua zamu za usiku. Ukitoka kazini saa 2 asubuhi na kulala hadi saa 10 jioni, Oslo au London umeukosa mchana wote. Wa zamu za usiku za kudumu, "asubuhi" yako ni pale unapoamka: taa iwashwe hapo au mwanzoni mwa zamu, si mwisho wake. Ukielekea nyumbani vaa miwani ya jua, chumba kiwe giza totoro, na weka kengele uamke ukiwa umebakiza angalau saa moja ya jua utoke nje. Wa zamu za kubadilika kila juma hali ni ngumu zaidi, na ushauri wangu kwake ni kuomba kwa maandishi, tangu Septemba, zamu za usiku zikusanywe pamoja badala ya kutawanywa, na zipungue Desemba na Januari. Meneja anaweza kukataa. Asiyeomba, ratiba humpangia tu.

Saa ya kuamka iwe moja kila siku. Kulala hadi saa 5 asubuhi siku ya mapumziko "kufidia" ndiko kunakoivuruga Jumatatu, kwani mwanga pekee wa siku ile ulipita umelala. Usingizi mfupi wa mchana usizidi dakika 30 na uwe kabla ya saa 9. Kahawa na chai ya rangi, mwisho saa 8 mchana. Pombe inaleta usingizi na kuuvunja usiku wa manane, na katika majira haya unywaji huongezeka kimyakimya.

Simu za nyumbani nazo zipangwe. Wengi hupiga usiku kitandani, taa zimezimwa, uso umeangaziwa na kioo, habari za msiba na za mkopo zikiingia saa ambazo mwili unatakiwa kulala. Hamishia simu hiyo mchana, ukiwa unatembea. Oslo ikiwa saa 6 mchana majira ya baridi, Dar na Nairobi ni saa 8 mchana. Minneapolis, Marekani, ikiwa saa 2 asubuhi, kule ni saa 11 jioni, mama ameshatulia barazani. Umepata mwanga, mazoezi na sauti ya nyumbani kwa nusu saa moja, na mtu asiyependa kutembea peke yake kwenye theluji anakuwa na mwenzake sikioni.

Kisha suala la pesa, ambalo vipeperushi vya afya vya Ulaya haviligusi kwa kuwa hawalijui. Desemba kuna sikukuu, Januari shule zinafunguliwa Tanzania na Kenya, na maombi ya ada, sare na madaftari yanafika pamoja, katika wiki zilezile ambazo mtumaji ana nguvu ndogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Kila ujumbe unakuwa jiwe. Dawa yake ni ya Agosti: kaa chini ukiwa na akili ya jua, amua kiasi cha sikukuu na ada, kigawe kwa miezi 5, kitengwe, na ukoo uambiwe namba hiyo mapema. Januari ikifika unatekeleza uamuzi uliokwisha kufanywa. Kuamua upya kila siku ndiko kunakommaliza mtu aliye kwenye sonona, hata kuliko kiasi chenyewe.

Kuhusu kusafiri: kama una safari moja tu ya nyumbani na watoto hawakufungi na likizo za shule, iende mwisho wa Januari hadi Februari. Anayekwenda Desemba anarudi katikati ya giza, ametoka kwenye jua la saa 12 kwa siku, na anguko la wiki ya kwanza ni baya. Anayerudi mwishoni mwa Februari anaikuta Oslo ina mchana wa zaidi ya saa 9, na unaongezeka kila siku.

Taa si tiba pekee. Tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona ya majira, inayofundisha kutambua mawazo kama "hadi Aprili mimi si mtu" na kupanga shughuli ndogo kabla hamu haijaja, ililinganishwa na taa katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani. Majira ya kwanza zote mbili zilisaidia. Majira ya pili ya baridi baadaye, waliofundishwa walirudiwa na ugonjwa wachache kuliko wa taa, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2016. Nadhani sababu ni ya kawaida: taa husahaulika kabatini, ulichojifunza hubaki kichwani. Dawa za kumeza zipo pia. Bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 mahususi kwa kuzuia hali hii, na huanzwa kabla giza halijaingia. Kumeza dawa ya sonona si udhaifu wa imani. Mchungaji na shehe waombe, na daktari aandike.

Kwa daktari usiende na "kichwa kinauma, mwili mzito" pekee, utarudishwa na panadoli. Chukua karatasi moja: dalili zilianza mwezi gani, mwaka jana zilianza lini na kuisha lini, unalala kwa muda wa saa ngapi, uzito umeongezeka kilo ngapi, kazini umekosa siku ngapi. Omba damu ipimwe tezi la shingo, upungufu wa damu na vitamini D, kwani vyote vinaweza kuleta uchovu unaofanana. Omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi, si ukishafika. Uingereza na Norwe huduma za umma hutoa mkalimani bila wewe kulipa. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa sonona yako, kuna maneno hutayasema mbele yake. Lile dodoso la maswali 9 ambalo madaktari hulitumia duniani kote lina tafsiri ya Kiswahili iliyojaribiwa Kenya, na unaweza kuliomba.

Na kama mawazo ya kufa yameingia, hayasubiri miadi. Marekani na Kanada piga 988, Uingereza 116 123 kwa mtu wa kukusikiliza usiku au mchana, na hatari ikiwa ya sasa hivi 911 Amerika, 999 Uingereza, 112 Ulaya. Ukiwa wewe ndiye unayemhofia ndugu, mwulize kwa maneno ya wazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Kaa naye, na dawa au kamba viondoke karibu.

Hofu hiyo isiishie Februari. Katika nchi nyingi za kaskazini vifo vya kujiua huongezeka majira ya machipuko, watu wote wakiwa wanashangilia jua. Aliyekuwa chini kabisa anaweza kurudishiwa nguvu za mwili kabla hisia hazijapona, na furaha ya wengine inamfanya ajione ameachwa. Kwa hiyo mpigie simu Aprili yuleyule aliyekuwa kimya Januari, hata kama ameanza kuonekana barabarani.

Mei hadi Julai kazi inageuka: Helsinki mwezi wa Juni jua linazama karibu saa 5 usiku, na watu wa kwetu wanajisahau, wanalala kwa muda wa saa 4 tu. Pazia zito au kitambaa cha macho, na chumba kiwe giza kuanzia saa 4 usiku. Kwa mwenye hisia zinazopanda na kushuka, miezi hii ndiyo ya kulinda usingizi kuliko yote.

Taa ya tiba huachwa taratibu, si kwa siku moja. Mchana ukishafika urefu wa saa 12, karibu na tarehe 20 Machi, punguza dakika 5 kila wiki, na dalili zikirudi baki pale ulipo wiki 2 zaidi. Ukiizima kabisa, ifute vumbi, iweke ndani ya boksi pamoja na ile karatasi ya daktari na tarehe ulizoziandika, na kwenye kalenda ya ukutani zungushia siku ya kuitoa: tarehe 20 Septemba.